Gemu la Mkimbizi Linaishia Mpakani

Msimu huu wa mvua nimecheza magemu manne. Matatu yanasemwa kuwa ni ya watu kama sisi: moja la safari, moja la vita, moja la mpaka. La nne ni la mpira tu, halina habari na mkimbizi yeyote. Nataka kuyapitia moja moja, niseme lipi limefanya kazi yake na lipi limekwama, kwa sababu wageni wenye moyo mzuri hutuuliza sana sisi tunaoshughulika na vijana hapa Rubondo: "Tukiwaletea gemu kuhusu maisha ya wakimbizi, vijana watalipenda?" Jibu langu si ndiyo wala si hapana. Ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika.

Kwanza mjue tunachezaje. Hapa kwetu gemu halianzi kwenye skrini, linaanza kwenye chaji. Simu inapelekwa asubuhi kwenye kibanda chenye sola, unalipa shilingi 500, unaifuata jioni. Gemu lenyewe mara nyingi linatoka Mbarara. Mtu akipanda taksi kwenda kule kwa shughuli zake, anabebeshwa memori kadi za watu watano, anarudi nazo zimejaa filamu, nyimbo za injili na magemu. Haya matatu ya kwanza ni ya kulipia, hayakuja kwa njia hiyo. Tuliyacheza kwenye tableti ya rafiki mmoja mfanyakazi wa misaada, aliyeyanunua kwa pesa yake, akatuachia wiki sita. Tuliyaweka kwa Kifaransa, kwa sababu wengi wetu tulisoma Kongo. Tableti ni moja, vichwa ni saba au nane. Anayeshika ni mmoja, wanaocheza ni wote. Kwa hiyo nikisema "nimecheza", mjue nilikuwa na makocha wengi nyuma ya shingo.

Gemu la kwanza linaitwa Bury me, my Love. Ni la Wafaransa, lilitoka mwaka 2017. Jina lake linaogopesha ukilitafsiri: unizike, mpenzi wangu. Kumbe ni maneno ya kuagana ya watu wa Syria, maana yake ni kwamba usithubutu kufa kabla yangu. Nour, mwanamke wa mji wa Homs, anaondoka kuelekea Ulaya. Mume wake Majd anabaki kutunza wazee wa familia. Wewe unayecheza ni Majd. Gemu lote ni meseji, kama WhatsApp: Nour anaandika, anatuma picha, anaomba ushauri, wewe unachagua la kumjibu. Watengenezaji walianzia kwenye habari ya kweli, maana gazeti la Le Monde lilikuwa limechapisha meseji za mwanamke wa Syria aliyesafiri njia hiyo. Miisho iko 19, na si yote ya furaha.

Kuna kitu gemu hili linakijua vizuri sana, nacho ni kimya. Nour anasema wanaondoka, halafu hakuna kitu. Saa zinazopita ni saa za kweli, si za gemu. Unaweka tableti chini, unateka maji, unapika, unarudi kuangalia: bado. Mimi sijawahi kuona filamu inayoweza kufanya hivyo. Filamu ikikuonyesha mtu anasubiri, inakata, dakika moja baadaye ni asubuhi. Hapa hakuna kukata. Na kumfanya mchezaji awe yule anayebaki, si yule anayekwenda, ni akili kubwa. Wengi wanaoandika kuhusu wakimbizi wanamfuata anayekimbia, wanamsahau mama aliyebaki na simu mkononi.

Lakini sikiliza. Kati yetu alikuwepo dada mmoja ambaye kaka yake aliondoka hapa kuelekea Afrika Kusini, kwa kupitia Tanzania, Malawi na Msumbiji. Nour alipokaa kimya, wengine waliuliza kama amezama. Huyu dada aliuliza: "Sasa huyu anachajia wapi? Na bando anapata wapi?" Tulicheka. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu lilikuwa swali la mtu anayejua. Kwa kaka yake kimya kinaweza kuwa chaji, kinaweza kuwa bando, kinaweza kuwa laini imefungwa, polisi, ugonjwa, au lile ambalo hatulitaji. Kwenye gemu, mambo yakienda vibaya unaanza upya, unampitisha Nour njia nyingine. Miisho 19 maana yake una nafasi ya kujaribu tena mara nyingi. Dada huyu ana kaka mmoja na mwisho mmoja, tena hajaambiwa ni upi.

Silaumu gemu kwa hilo, gemu bila kuanza upya si gemu. Ila nimeamua halitachezwa na watoto wa chini ya miaka kumi na tano kwenye kikundi chetu, na hata wakubwa nitawauliza kwanza nani wao yuko njiani. Kwa mtu wa Paris, kimya cha Nour kinamfundisha kitu. Kwa mtu wa Rubondo, kinamkumbusha.

Gemu la pili ni This War of Mine, la kampuni ya Poland iitwayo 11 bit studios, la mwaka 2014. Walichukua mfano wa Sarajevo, mji wa Bosnia uliozingirwa na majeshi miaka ya tisini, wakabuni mji wao wa Pogoren. Huwi askari. Wewe ni raia watatu au wanne ndani ya nyumba iliyobomoka. Mchana hamtoki, kuna mdunguzi, kwa hiyo mnatengeneza jiko, kitanda, kifaa cha kukinga maji ya mvua. Usiku mmoja anatoka kutafuta chakula, wengine wanalinda. Pavle alikuwa mchezaji mpira, kwa hiyo ana mbio. Bruno ni mpishi, anajua kupika bila kumaliza kuni. Katia ni mwandishi wa habari, hodari wa kubadilishana vitu.

Vijana walilielewa hili bila kuelezwa. Kijana wa miaka kumi na sita, ambaye shuleni hakai kimya hata dakika tatu, alipanga kuni na maji ya siku nne kama mama wa watoto sita. Aliniambia: "Kaka, hii si gemu, hii ni kazi ya nyumbani." Alisema kwa kulalamika, lakini tableti hakuiachia.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya nyumba ya wazee. Kuna nyumba moja tulivu, ndani yupo mzee na mke wake, wana chakula na dawa, hawana silaha. Ukiingia, mzee anakufuata anakusihi. Hakuna wa kukuzuia. Nyumbani kwako Bruno ni mgonjwa. Unachukua? Kikundi kiligawanyika. Mmoja akasema chukua, ni gemu tu. Mwingine akasema chukua nusu. Msichana mmoja akasema tusichukue, akaulizwa Bruno akifa je, akajibu: "Basi afe akiwa mtu." Walichukua. Asubuhi yake gemu halikuwapigia kelele wala kuwatoza faini. Aliyeiba alikaa chini tu akiwa na huzuni, akawa mzito kufanya kazi, na wenzake nao wakaanza kulaumiana. Adhabu ni hiyo. Ni ya kweli kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Nasikia raha kujua kwamba mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuliweka gemu hili kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Wamefanya vizuri. Mambo kama haya yajadiliwe darasani.

Pale linapokwama ni hapa. Wale wanaokuja usiku kuiba na kujeruhi hawana majina. Unaamka, unaambiwa mmevamiwa, vitu kadhaa vimekwenda. Wengi wetu tuliotoka Kivu na Ituri tunajua kwamba kilichotisha zaidi hakikuwa mtu asiyejulikana. Ni yule aliyekuja akakuita kwa jina lako, kwa sauti uliyoizoea. Vita vya majirani havina mdunguzi wa mbali peke yake, vina mtu uliyekula naye. Gemu hili halikugusa huko. Na jambo la pili: ukivumilia siku za kutosha, vita vinaisha. Skrini inakuambia kila mmoja alifikia wapi, basi. Wachezaji wetu walipofika hapo hawakushangilia. Mmoja akauliza: "Wameisha wapi? Wamerudi kwao?" Hakuna aliyemjibu.

La tatu ndilo lililonishika zaidi, ingawa kwa sura ni baya, rangi za kijivu na muziki kama wa mazishi ya jeshi. Linaitwa Papers, Please. Alilitengeneza Mmarekani mmoja, Lucas Pope, likatoka 2013, na tangu 2022 linapatikana kwenye simu. Nchi ni ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982, imemaliza vita vya miaka sita na jirani yake. Wewe umeshinda bahati nasibu ya kazi. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kibanda cha mpakani, kuangalia karatasi za watu na kugonga muhuri: kijani apite, nyekundu arudi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Kwenye gemu hili wewe si mkimbizi. Wewe ni ofisa.

Kila asubuhi kanuni zinabadilika. Leo pasipoti inatosha, kesho inatakiwa na kibali cha kuingia, keshokutwa kitambulisho kingine. Unalinganisha jina, tarehe, picha, uzito, urefu, alama za vidole. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia siku hiyo. Makosa mawili ya kwanza unaonywa, baada ya hapo unakatwa pesa. Jioni unaletewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa. Una mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Ukiwa mpole sana kazini, mtoto wako analala njaa.

Vijana wangu waligombania kiti hicho! Mwanzoni ilikuwa ni furaha ya kulipiza. Mmoja akajiita "Bwana Mkubwa", akawa anawarudisha watu hata wenye karatasi kamili. Gemu likamkata pesa mara moja, akajifunza kwamba hata ukali una kanuni. Halafu akaja mzee mmoja mchangamfu, Jorji, ambaye mara ya kwanza hana karatasi yoyote, na mara nyingine analeta pasipoti aliyoichora kwa mkono, ya nchi ambayo haipo, Cobrastan. Bana, watu walianguka chini kwa kicheko. Kila mtu hapa anamjua Jorji wake.

Kisha akaja mwanaume mwenye karatasi safi. Anapita, anasema mke wake yuko nyuma yake kwenye mstari, mtendee wema. Mke anafika. Hana kibali. Aliyeshika tableti siku hiyo alikuwa kijana mpole kuliko wote, yule anayewabebea bibi zake jerikeni. Nyuma yake wote wanapiga kelele: "Mama apite! Mama apite tu!" Yeye akaangalia saa, akaangalia hesabu. Tayari alikuwa na maonyo mawili. Akagonga nyekundu. Kukawa kimya. Akasema, bila kugeuka: "Mtoto wangu ni mgonjwa." Alikuwa anazungumzia mtoto wa kwenye gemu.

Mimi nadhani hapa ndipo gemu linafanya kitu ambacho insha yangu haiwezi. Hakuna aliyemwambia kijana huyu kwamba mtu wa dirishani naye ana shida zake. Tungemwambia angekataa, na angekuwa na haki ya kukataa. Dakika ishirini za foleni, muhuri na saa zilitosha kumbadilisha mkono. Hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka. Na ninyi wasomaji mnaofanya kazi upande wa pili wa meza, nawaomba mlicheze hili kabla ya lolote jingine. Si kwa kujihurumia. Lichezeni mpaka mfike pale ambapo mnaacha kuangalia uso na kuanza kuangalia tarehe tu, kisha mjiulize ilichukua dakika ngapi.

Kasoro yake? Mtu akitoka kibandani ameisha. Aliyepita anaingia nchi ambayo hatuioni, aliyerudishwa anatoweka kushoto mwa skrini. Hata yule mama hatujui alilala wapi usiku huo.

Sasa yaweke magemu yote matatu pamoja uone. Nour akifika, gemu limekwisha. Vita vikiisha, gemu limekwisha. Muhuri ukigongwa, anayefuata! Yote yanajua kukimbia, yanajua kuogopa, yanajua kuchagua haraka. Hakuna hata moja linalojua kukaa. Gemu la mkimbizi linaishia mpakani, na maisha ya mkimbizi ndipo yanapoanzia. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Kuna watu hapa waliozaliwa, wakaoa, wakazika wazazi, bila gemu lao kufika kwenye ile skrini ya mwisho. Tunalima maharage na mahindi, tunasubiri mvua, tunasubiri mgao, tunasubiri jina litoke kwenye orodha. Ukimwambia mtengenezaji wa gemu kwamba unataka gemu la kusubiri atakuambia litachosha. Ni kweli linachosha. Lakini watu wanaishi humo, wanacheka humo, wanagombana na kupendana humo. Kama gemu linaweza kufanya kugonga muhuri kuwe kitu cha kuvutia, linashindwaje na foleni?

Hilo linanipeleka kwenye gemu la nne. Mashabiki wa fasihi mtanisamehe, ni Dream League Soccer, linatengenezwa Uingereza na kampuni ya First Touch Games. Hili ndilo linalochezwa Rubondo kila siku, kwa sababu ni bure, linaingia kwenye simu za bei ndogo, na matoleo yake ya zamani hayahitaji intaneti. Unaanza na timu dhaifu kwenye daraja la chini. Ukishinda unapata sarafu, unanunua mchezaji bora, unapanda daraja. Jina la timu unalichagua mwenyewe, na jezi pia. Kwenye simu za hapa nimeona timu nyingi zenye jina la Rubondo zikivaa nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe.

Kama kazi ya sanaa halina mengi. Wachezaji wote wanakimbia sawa, kipa anafanya maajabu ya ajabu ajabu, hakuna hadithi. Nilikuwa nawauliza vijana kwa nini wanaliacha Papers, Please mezani na kurudi kwenye hili. Niliambiwa kwa urahisi: "Huku ukifanya vizuri unapanda." Ndiyo hivyo. Kwenye jedwali la ligi, pointi tatu ni pointi tatu. Hakuna anayekuambia urudi wiki ijayo. Kijana amemaliza sekondari, amepata alama nzuri, hana karo ya chuo, analima. Jedwali linalopanda kwa jasho lake analiona kwenye simu peke yake. Wazazi wanaosema gemu la mpira ni uvivu waliangalie upya hilo.

Na kuna jambo niligundua nilipokaa na vijana wawili wenye timu moja kwenye simu moja. Wana daftari. Ndani wameandika kila namba ya jezi na jina la rafiki yao. Namba tisa ni fulani, aliyepelekwa Marekani na familia yake. Namba nne yuko Australia. Namba saba amerudi Kongo, hawajui wapi. Mshambuliaji kwenye skrini ana jina lake la kigeni, lakini akifunga, wao wanapiga kelele jina la kwenye daftari. Nikawauliza mbona hawawaondoi walioondoka, waweke waliopo. Mmoja akaniangalia kama mtu asiyejua mpira: "Sasa tukiwaondoa, timu itakuwa ya nani?"

Pale nikaona kwamba gemu la wakimbizi tayari lipo. Halikutengenezwa na kampuni. Wamelitengeneza hawa wawili kwa daftari la shilingi chache, juu ya gemu la Waingereza lisilojua kwamba tupo.

Lazima nimtaje mtu mmoja hapa, kwa sababu vijana wakisikia habari yake wanakaa wima. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini. Alizaliwa familia yake ikiwa inakimbia vita, akakulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda hii hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, dola 300, akamnunulia kompyuta. Alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu liitwalo Salaam, yaani amani, ambamo unamsaidia mtu anayekimbia vita afike penye usalama. Wazo lake ni kwamba maji, chakula au dawa unayomnunulia mhusika kwa pesa ya kweli imfikie pia mkimbizi wa kweli. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye sherehe kubwa ya The Game Awards kule Los Angeles, na ana kampuni yake Marekani, Junub Games.

Wazo la Salaam nalipenda na linanipa wasiwasi kwa pamoja. Nalipenda kwa sababu linamtoa mchezaji kwenye huruma ya bure. Linanipa wasiwasi kwa sababu hata humo tunakimbia, na tena tunakuwa watu wa kununuliwa maji. Lakini kwangu gemu kubwa ni ile miaka mitatu ya mama. Hapo pana kila kitu ambacho magemu yangu matatu yamekosa: muda, subira, hesabu ndogo ndogo za kila wiki, na mtu anayefanya kazi huku anasubiri. Nani atalitengeneza hilo?

Sisi tumejaribu, kwa karatasi. Hatuna kompyuta ya kutengenezea, lakini gemu ni kanuni kabla ya kuwa skrini. Mababu walicheza omweso na igisoro kwa mbegu na mashimo, bila chaji. Tulichora foleni kwenye boksi la katoni, vipande ni maharage, kadi tumekata kwenye madaftari ya zamani. Kanuni kuu ni moja: huruhusiwi kusogea mpaka jina lako liitwe, na jina linaitwa kwa kete, si kwa uhodari wako. Kadi nyingine zinasema "Mtandao umeanguka, rudi Jumatatu", nyingine "Jina lako limeandikwa vibaya". Nilidhani watachoka baada ya raundi mbili.

Hawakuchoka, kwa sababu waliongeza kadi zao. "Jirani anakushikia nafasi." "Unauza mandazi kwenye foleni." "Mtoto amezaliwa, kila mtu atoe haragwe moja." Baada ya wiki mbili foleni yetu ya katoni ilikuwa na soko, kinyozi, kwaya na kesi mbili za mbuzi. Aliyeitwa jina mapema alitoka na maharage yake machache, wengine wakaendelea kujenga.

Kwa hiyo ninyi mnaouliza mtuletee gemu gani, jibu langu ni hili. Papers, Please mlicheze ninyi kwanza, halafu tulicheze pamoja. This War of Mine lije, pawe na mtu mzima wa kujadiliana na vijana baadaye. Lile la Nour lichezwe kwa hiari tu. Lakini kama bajeti inatosha kitu kimoja, msilete gemu lolote kuhusu sisi. Leteni kompyuta tatu zilizotumika, sola ya kuzichaji, na mtu wa kukaa nasi miezi sita kutufundisha kutengeneza. Kanuni tunazo tayari.

Isipokuwa moja, ambayo bado tunaibishania: nani mshindi? Vijana wengi wanasema ni yule aliyeitwa, kwa sababu ametoka kwenye foleni. Mama mmoja anayeuza nyanya karibu na tunapochezea alitusikiliza siku nyingi bila kusema kitu, mwisho akaingilia: "Huyo ameondoka, mumuombee safari njema. Mshindi mumtafute kati ya waliobaki." Tumeiandika nyuma ya boksi. Namna ya kuhesabu pointi zake ndiyo hatujaipata.